Uliza Nikujibu: Majani ya chai hayana kosa, tuangalie kijiko

Mwezi huu meseji za chai zimenijaa kwenye simu mpaka nikashangaa, nadhani ni hili baridi, watu wameamka na birika. Zinazofanana nimeziunganisha, na kama kawaida mi ni mtu wa lishe sio daktari wako, ya dawa na vipimo yanaishia kliniki. Haya, karibuni.

"Habari dada wa lishe. Mimi nakunywa chai ya rangi vikombe vitano kwa siku, hata nikila ugali sioni kama nimekula mpaka nishushie na chai. Mume wangu anasema naua figo, kaka mmoja ofisini anasema chai inarefusha maisha na kuna utafiti kausoma. Nani mkweli hapo?" – Msomaji, Tabata

Dada wa Tabata, wote wawili wana kaukweli kao. Tuanze na wa ofisini. Nadhani anausema ule utafiti wa Uingereza uliotoka 2022, walifuatilia watu karibu laki tano wa miaka 40 mpaka 69 kwa kama miaka 11 hivi, wengi wao wanywaji wa chai nyeusi, hii hii sisi tunaiita ya rangi, wakakuta kwa wale wa vikombe viwili na kuendelea kwa siku uwezekano wa kufa kwenye kipindi hicho ulikuwa chini kwa asilimia 9 mpaka 13 kuliko wasiokunywa kabisa. Na iwe mtu anatia maziwa iwe hatii, picha ilikuwa ile ile. Sasa usikimbilie kuongeza kikombe cha sita, maana pale waliangalia tu watu wanavyoishi, hakuna aliyepewa chai na mwenzake akapewa maji halafu wakasubiriwa, kwa hiyo inawezekana wanywa chai wana mengine mazuri wanayofanya. Ila kwa kinywaji cha majani ya shilingi mia mbili sio habari mbaya hata kidogo. Kwenye majani kuna vitu vinaitwa polifenoli, ndo vile vinavyoacha ukakasi mdomoni chai ikikolea, na inaonekana vinasaidia mishipa ya damu itanuke vizuri.

Mume wako naye. Kuna baba mmoja Marekani, jimbo la Arkansas, madaktari waliandika habari zake 2015, figo zilifeli na chanzo kikaonekana ni chai, maana chai nyeusi ina kitu kinaitwa oksaleti ambacho kikizidi kinaganda kwenye figo. Lakini unajua alikuwa anakunywa kiasi gani? Glasi 16 za chai ya barafu kila siku, karibu lita nne! Wewe na vikombe vyako vitano hujafika huko, labda kama ulishawahi kuwa na mawe kwenye figo, hapo ongea na daktari wako kwanza.

Ila hujaniambia kitu kimoja na nina wasiwasi umekificha makusudi. Sukari je?

Mi juzi niliweka kijiko changu cha chai kwenye kile kimizani cha jikoni. Kijiko cha kusawazisha kikaja gramu 4 safi, kama vitabu vinavyosema. Halafu nikachota kama tunavyochota kwetu, kile kijiko chenye kilima juu, gramu 7. Sasa piga hesabu, vijiko vitatu vya kilima kwenye kikombe ni gramu 21, mara vikombe vitano ni gramu 105. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite kama gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana ziishie 25. Yaani kwa chai peke yake umeshapita kile kiwango kizuri mara nne, na bado soda ya mchana na andazi ambalo nalo lina sukari yake ndani. Hapo sasa ndo mume wako angetakiwa kupiga kelele, maana kisukari nacho kinamaliza figo na hakihitaji glasi 16.

Na asali usiniletee. Asali kwenye chai inahesabiwa kwenye zile zile gramu.

Mi nilipunguza kwa nusu kijiko kila wiki mbili, sikuacha ghafla maana ghafla unairudia Jumapili tu watu wakija. Tia iliki ya kutosha na kipande cha mdalasini, ulimi unadanganyika kwamba kuna utamu. Baada ya kama miezi miwili nilienda msibani nikapewa chai ya kawaida ya watu, nikadhani wamenipa sharubati.

"Dada nina mimba ya miezi mitano. Kliniki wameniambia damu ni ndogo, HB 9.6, wamenipa vidonge vya kuongeza damu. Nikimeza na maji natapika kwa hiyo nameza na chai ya asubuhi, inakaa vizuri. Sasa mwezi umeisha nimepima tena damu haijapanda, mama mkwe anasema vidonge ni feki. Kweli?" – Mama kijacho, Morogoro

Mama, kabla hatujawasingizia waliotengeneza vidonge, hebu tuangalie hiyo chai.

Zile polifenoli nilizozisifia hapo juu, hapa ndo zinageuka. Zikikutana na madini ya chuma tumboni zinayakamata, yanashindwa kupita kwenda kwenye damu yanaishia chooni. Sio kidogo, kwenye chakula cha mimea kama maharage na mchicha chai nzito ikinywewa papo hapo inaweza kuondoa zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungekipata. Kidonge nacho ni chuma kile kile, hivyo wewe kila asubuhi unameza dawa na kitu cha kuizuia kwa mkupuo mmoja. Haijalishi imetiwa maziwa au haijatiwa.

Dawa yake ni saa tu. Chai kaa nayo mbali na kidonge na mbali na mlo wako mkubwa, angalau saa moja, ikifika mbili ni vizuri zaidi. King's College London walijaribu hilo kwa wanawake 12, matokeo yakatoka 2017, wakaona chai ikinywewa pamoja na chakula inakata chuma vibaya lakini ikisubiri saa moja madhara yanapungua karibu nusu. Saa moja tu mama, muda wa kuosha vyombo na kuanika nguo mbili tatu.

Kidonge kimeze na maji ya chungwa au maji uliyokamulia ndimu, vitamini C inafanya kazi kinyume na chai, inakivuta chuma kiingie. Kama kinakutapisha asubuhi jaribu usiku kabla hujalala, wengi kinawakaa vizuri muda huo, ukiona bado waambie kliniki, wasikuone kimya. Na kwenye sahani fanya hivyo hivyo, mchicha ukamulie ndimu, kula na dagaa au kipande cha nyama hata kidogo, chuma cha nyama na samaki hakisumbuliwi sana na chai.

Kuhusu wingi, mjamzito anashauriwa kafeini isizidi miligramu 200 kwa siku, kikombe cha chai kina kama 40 mpaka 50, kwa hiyo viwili vitatu uko salama ilimradi huongezi kahawa na zile energy za kopo. Asubuhi kichefuchefu kikibana chemsha tangawizi peke yake bila majani, chai ya majani isubiri saa nne. Mama mkwe msalimie, ila asikuachishe vidonge, na kama ukipanga hivyo na damu bado haipandi warudie wakuangalie, kuna minyoo, kuna malaria, sababu ni nyingi.

"Eti ukitia maziwa kwenye chai faida yote inakufa?" – wameuliza watatu

Hiyo imetokana na utafiti mdogo wa Berlin wa 2007, wanawake 16 walipewa chai kavu, mishipa ikatanuka vizuri, wakapewa ya maziwa, haikutanuka. Watu 16. Ule wa laki tano haukuona tofauti. Mi naendelea na maziwa yangu, kwanza yana protini na kalsiamu, halafu kwa mtoto anayeenda shule chai ya maziwa na kiazi ina maana kuliko strungi na andazi.

"Sisi kwetu Rombo chai isiyounguza ulimi tunasema imelala. Mke wangu kasikia kwenye redio chai ya moto inaleta kansa, sasa ananipoozea chai yangu bila kuniuliza. Naomba unitetee." – Baba wa watoto wanne

Kaka samahani, leo niko upande wa shemeji.

Ilikuwa 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vinywaji vya moto sana, kuanzia nyuzi 65 kwenda juu, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Sio chai yenyewe, ni moto wake, ingekuwa uji au maji matupu ni yale yale. Kinachounguzwa ni umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kushuka tumboni, unaunguza leo, kesho kabla haijapona unaunguza tena, miaka thelathini. Kaskazini mashariki mwa Iran waliwafuatilia watu 50,000 na ushee, matokeo yakatoka 2019, waliokuwa wakinywa chai ya nyuzi 60 na zaidi na kupita mililita 700 kwa siku hatari yao ya saratani hiyo ilikuwa juu kwa asilimia 90 kuliko wa chai kidogo iliyopoa. Na sisi kaka tuko kwenye mkanda wenyewe, kansa ya umio imetapakaa kuanzia Ethiopia, Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini. Huko huko kwenu Kilimanjaro watafiti walishaenda kupima watu wanaanza kunywa chai ikiwa na joto gani, wakakuta ni kama nyuzi 70. Sigara, pombe na mengine nayo yanachangia usije ukaniambia nimeilaumu chai peke yake, ila moto upo kwenye orodha.

Nilitaka kujua nyuzi 65 ni nini hasa mdomoni maana namba peke yake haisemi kitu, nikaazima kipima joto cha mdogo wangu anachopikia keki. Chai ya maziwa iliyokaa kwenye thermosi tangu asubuhi nikaimimina saa nne, 77. Kaa dakika tano, 68, na hapo mi ningekuwa nimeshaanza kunywa, ile ya kuvuta kidogo na hewa nyingi ili usiungue. Ikabidi nifike kama dakika kumi ndo ikashuka chini ya 60. Na ile ya maziwa ikitengeneza utando juu inashika moto wake kuliko ya rangi, utando ule ni mfuniko.

Kwa hiyo ukiona huwezi kunywa funda bila kufyonza kwa kelele, bado ni ya moto mno. Babu yangu alikuwa anamimina kwenye kisahani, anaitikisa kidogo, anapuliza mara moja halafu anakunywa kwenye kisahani hicho hicho, tukawa tunamcheka kwamba ni ushamba. Kumbe mzee alikuwa na akili zake. Mwambie shemeji asikupoozee mpaka ikawa maji ya kuogea, akuletee na kisahani mmalizane.

"Naomba kuuliza hii chai ya kijani ya kukata tumbo, naona dada mmoja anauza elfu 35 boksi, picha za kabla na baada zinanitamanisha. Nimetumia siku nne naenda chooni mara sita kwa siku na tumbo limekuwa flati kweli. Niendelee?" – Msomaji, Arusha

Usiendelee. Simamisha leo.

Chai ya kijani yenyewe wala sio kitu cha ajabu, ni mti ule ule wa Mufindi na Rungwe na Lushoto unaotoa chai ya rangi, tofauti ni kiwandani, ya kijani majani yanapitishwa kwenye moto mapema yasibadilike, ya rangi yanasagwa yanaachwa yapigwe na hewa mpaka yawe kahawia. Kunywa kikombe chake ukitaka, kizuri tu, ila tafiti zilizokusanywa za kupunguza uzito zinaonesha kinachopungua ni kidogo sana, hata sketi haitajua.

Sasa kinachokupeleka chooni mara sita sio majani ya chai. Hizi chai za kukata tumbo nyingi zinatiwa sanamaki, bibi zetu wa pwani wanaijua, ni dawa ya kuharisha. Tumbo limekuwa flati kwa sababu limebaki tupu, mafuta yako yapo pale pale yanakusubiri. Ukiendelea wiki na miezi unapoteza maji na madini ya potasiamu, moyo unaanza kwenda mrama, na utumbo unazoea mpaka unashindwa kufanya kazi bila kupigwa teke. Soma pembeni ya boksi, ukiona senna ndo sanamaki hiyo, usipoona maandishi yoyote ndo mbaya zaidi. Na vile vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa kaa navyo mbali pia, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya walisema 2018 kwamba dozi ya miligramu 800 kwa siku ya kile kiini chake inaweza kusumbua ini. Kunywa maji na ORS siku mbili hizi, ukiona kizunguzungu au moyo unadunda ovyo nenda hospitali na boksi lako mkononi.

Halafu elfu 35! Kwa hela hiyo ningekununulia mboga za wiki tatu.

"Mzee wangu ana presha, jirani kamwambia aache vidonge anywe choya. Kuna ukweli?" – Mtoto wa mzee, Tanga

Choya, wengine mnaita rozela, upo ukweli. Chuo kikuu cha Tufts Marekani waliwapa watu 65 vikombe vitatu kwa siku wiki sita, ile namba ya juu ya presha ikashuka kama pointi 7, wenzao waliopewa maji ya rangi ya kuigiza ikashuka 1. Lakini wale walikuwa na presha ya kuanza kuanza na hawakuwa kwenye dawa. Mzee wako mwenye vidonge akiviacha akabaki na choya presha inaweza kupanda kimya kimya mpaka siku aamke mkono hausogei. Choya anywe kama kinywaji, bila kile kilo cha sukari tunachotia, vidonge abaki navyo, na daktari wake aambiwe maana vikishusha vyote kwa pamoja anaweza kuanguka bafuni. Kuhusu jirani sina la kusema.

"Mwanangu ana miezi kumi, anapenda sana chai ya rangi na mkate, analia asipopewa." – Mama, Kahama

Hapana mama. Ni yale yale ya madini ya chuma, na mtoto wa umri huo akiba yake ya chuma imeshaisha. Halafu chai inajaza kale katumbo, maziwa yako na uji wa lishe havipati nafasi. Atalia siku tatu atasahau. Kikombe chake kile kile anachokipenda kitie maziwa au maji.

"Nikinywa chai saa mbili usiku na chakula sipati usingizi mpaka saa nane, ila mke wangu anakunywa kama mimi anakoroma. Nina tatizo gani?" – Msomaji, Mbagala

Huna tatizo, ni maini tu hayafanani. Kafeini mwilini inachukua kama saa tano ndo nusu yake itoke, kuna watu wanaitoa haraka kuna watu inakaa nao mpaka alfajiri, wewe umo kwenye hao wa pili na shemeji yangu yumo kwenye wa kwanza. Usishindane naye. Kikombe chako cha mwisho kiwe saa tisa alasiri, usiku ukitaka kitu cha moto chemsha mchaichai au tangawizi, hivyo havina kafeini kabisa. Jaribu wiki mbili, na ukiona bado uko macho saa nane unahesabu mabati, niandikie tena.